Kupanga Bei ya Haki kwa Nguo za Kufuma: Mwongozo kwa Wafumaji wa Kilembwe

Bei ya haki ya nguo iliyofumwa kwa mkono ni ile inayorudisha pesa yote ya uzi, inayolipa mkono uliofuma, na inayobakiza kitu cha kununulia uzi mwingine. Upande wa pili, ni bei ambayo mnunuzi halipishwi uzembe wa mfumaji wala hapandishiwi kwa sababu amevaa vizuri. Nguo ikiuzwa chini ya hapo, mfumaji amemlipia mteja sehemu ya nguo bila kujua. Ikiuzwa juu sana, mteja harudi.

Kilembwe, katika sekta ya Lulenge wilayani Fizi nchini Kongo, kazi ya sindano hutoa zaidi seti za watoto wachanga (sweta, kofia na soksi), sweta za wanafunzi, shali za wazee na vitambaa vya viti vinavyofumwa kwa kroshe. Bei zake mara nyingi hupangwa kwa kumtazama jirani: mmoja akiuza franka 20,000, anayekaa karibu naye huuza 18,000, na wa tatu hushuka tena. Katika kushuka huko, anayeuza uzi hapunguziwi kitu, mwenye pikipiki hapunguziwi kitu. Kinachopunguzwa ni malipo ya mkono peke yake. Ndiyo maana hesabu yote inayofuata imejengwa juu ya kanuni moja: kazi ya mkono ni gharama kama uzi ulivyo gharama. Huandikwa mwanzoni, kabla ya kutaja bei, wala haisubiri kuona kitakachobaki.

Kuhesabu uzi

Uzi hupimwa kwa gramu. Mabonge mengi huwa ya gramu 50 au 100, lakini sokoni hupatikana pia uzi uliopunguzwa kutoka kwenye roli kubwa, ambao uzito wake haujaandikwa popote. Kipimo kizuri ni mizani ndogo ya betri, ya aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu, kwa kuwa husoma gramu moja moja. Uzi wote hupimwa kabla ya kuanza kufuma, na unaobaki hupimwa nguo ikiisha. Tofauti ndiyo iliyoingia katika nguo. Pasipo mizani, mfumaji huhesabu mabonge, na bonge lililotumika nusu huandikwa nusu.

Vipande vinavyopotea navyo ni uzi ulionunuliwa: mikia inayokatwa kila rangi inapobadilishwa, na kipande cha majaribio kinachofumwa ili kujua vitanzi vingapi vinatosha upana wa sentimita 10. Kwa seti ya mtoto, gramu tano hivi za nyongeza hutosha.

Bei ya bonge dukani si bei yake mwisho wa safari. Uzi unaoshuka Uvira au Baraka hufika Kilembwe kwa lori au kwa pikipiki, na mvua zinapoharibu barabara nauli hupanda. Nauli hiyo hugawanywa kwa idadi ya mabonge. Aliyelipa franka 30,000 kusafirisha mabonge 60 ataongeza franka 500 kwa kila bonge. Aliyelipa pesa hiyohiyo kwa mabonge 15 ataongeza 2,000. Hapo huonekana faida ya wafumaji watano au sita kutuma mtu mmoja.

Kununua pamoja kuna faida nyingine. Rangi ya uzi hutofautiana kidogo kutoka pipa moja la rangi hadi jingine, hata jina la rangi likiwa lilelile, na sweta iliyoishiwa uzi katikati huonyesha mkono wenye weupe wa maziwa na kifua chenye weupe wa karatasi. Uzi wa nguo nzima hununuliwa siku moja, na namba ya rangi iliyo kwenye karatasi ya bonge hulinganishwa kabla ya kulipa.

Gharama ndogo na gharama za pamoja

Baada ya uzi kuna vitu vinavyoonekana vidogo hadi vinapojumlishwa. Vifungo, utepe na zipu ni vya nguo yenyewe, na huandikwa kwa bei kamili. Sindano za kufumia, sindano ya kuunganishia, mkasi, sabuni ya kuoshea, betri ya taa na ushuru wa soko hutumika kwa nguo nyingi, kwa hiyo hugawanywa. Jozi mbili za sindano zilizonunuliwa franka 9,000, zikitarajiwa kufuma seti 30 kabla ya kupinda au kuvunjika, hugharimu franka 300 kwa kila seti. Ushuru wa meza wa franka 500 kwa siku ambayo kwa kawaida huuzwa seti mbili ni franka 250 kwa kila moja.

Kupima muda

Sehemu hii ndiyo ngumu, kwa sababu nguo haifumwi kwa mkao mmoja. Hufumwa maharagwe yakiwa motoni, hufumwa foleni ya kituo cha afya ikisogea, hufumwa jioni baada ya shamba. Mama akiulizwa sweta imemchukua muda gani, hujibu “wiki mbili”, na jibu hilo halifai kwa hesabu.

Njia ya kuaminika ni kupima mistari. Mfumaji hutazama saa ya simu, hufuma mistari kumi kwa mwendo wake wa kawaida, kisha hutazama tena. Tuseme mistari kumi ya vitanzi 70 imechukua dakika 25. Mgongo wa sweta ya mtoto mchanga ukiwa na mistari 90, utachukua dakika 225, yaani saa tatu na dakika 45. Sehemu ya mbele itachukua muda huohuo, na mikono miwili, ambayo ni myembamba, saa tatu na nusu. Sweta nzima ni saa 11. Kofia ikichukua saa mbili na soksi saa moja na nusu, hubaki kazi ambayo wengi huisahau kabisa: kuunganisha vipande, kuficha mikia ya uzi, kushona vifungo, kuosha na kuinyoosha nguo iwe tayari kwa meza. Kazi hiyo huchukua kama saa moja na nusu. Jumla ya seti ni saa 16, sawa na siku mbili za kazi za saa nane.

Muda unaohesabiwa ni wa mkono uliozoea. Mwanafunzi wa sindano anayefuma seti hiyo kwa saa 30 hawezi kumdai mteja saa 14 za kujifunza, wala saa za kufumua kosa na kuanza upya. Kwa upande mwingine, fundi aliyefikia mwendo wa saa 12 hana sababu ya kushusha bei kwa vile mikono yake ni myepesi. Wepesi huo ameutafuta kwa miaka, na faida yake ni yake.

Kuchagua ujira

Saa zikijulikana, huwekewa thamani. Kuna vipimo viwili vinavyosaidia.

Cha kwanza ni ujira wa kibarua wa mahali penyewe: kiasi ambacho mtu huyohuyo angelipwa kama angeweka sindano chini na kwenda kulima shamba la mwingine siku nzima. Kufuma kukilipa chini ya kulima, mfumaji anapoteza kila anapokaa kufuma, hata kama pesa inaingia mkononi. Ujira huu ndio sakafu.

Cha pili ni kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali ya Kongo. Mwaka 2018 kilikuwa franka 7,075 kwa siku, na mwaka 2025 kilipandishwa hadi franka 14,500. Sheria hiyo inawahusu waajiri na waajiriwa, na anayejifumia nyumbani hana mwajiri wa kumlipa. Hata hivyo ni kipimo cha heshima ya kazi: nchi imetamka kwamba siku ya mtu asiye na ufundi wowote isishuke chini ya hapo, na kufuma ni ufundi. Kiwango hiki ndicho lengo.

Nguo yenye misokoto, matundu au rangi nyingi huchukua saa nyingi zaidi, kwa hiyo bei yake hupanda yenyewe katika hesabu ya muda. Ikiwa ni ya ustadi ambao wachache wanaujua, ujira wa saa pia unaweza kuongezwa, mradi mteja aelezwe anacholipia.

Mfano wa hesabu

Hesabu ifuatayo ni ya seti moja ya mtoto mchanga. Viwango ni vya mfano. Kila mfumaji huweka vyake mahali pake, lakini mpangilio ni huohuo.

- Uzi: mabonge 3 ya gramu 50, kila moja franka 3,500: 10,500
- Nauli ya uzi: mabonge 3, kila moja franka 500: 1,500
- Vifungo 4, kila kimoja franka 250: 1,000
- Sindano, sabuni, taa na ushuru wa soko: 1,000
- Kazi ya mkono: saa 16, kila saa franka 1,000: 16,000
- Jumla ya gharama: 30,000
- Faida, asilimia 10: 3,000
- Bei: franka 33,000

Hapa siku ya kazi imelipwa franka 8,000. Ikilipwa kwa kima cha serikali cha 14,500 kilichowekwa mwaka 2025, kazi ya siku mbili inakuwa 29,000, jumla ya gharama 43,000, na bei pamoja na faida 47,300. Kati ya 33,000 na 47,300 ndipo ilipo nafasi ya mfumaji. Anayeuza kwa 33,000 na ajue kwamba anauza kwa ujira wa sakafu. Anayeuza kwa 20,000, akishatoa franka 14,000 za uzi, nauli, vifungo na mengineyo, amelipwa franka 6,000 kwa siku mbili, wala hana faida hata kidogo.

Faida haichanganywi na ujira. Ujira ni wa mtu: chumvi, karo ya mtoto, dawa. Faida ni ya kazi yenyewe: hununua uzi unaofuata, hufidia kofia iliyochafuka mezani, na hubeba miezi ambayo mauzo ni haba. Mfumaji anayekula vyote viwili hulazimika kukopa kila anapotaka bonge jipya.

Kusimama na bei sokoni

Mshindani mkubwa wa sweta iliyofumwa kwa mkono ni sweta ya mitumba, ambayo huuzwa kwa bei isiyotosha hata kununua uzi. Kushindana nayo kwa bei ni kujimaliza. Seti ya mkono huuzwa kwa kile ambacho mitumba haina: ni mpya, vipande vitatu vinafanana rangi, kipimo ni cha mtoto aliyekusudiwa, na ikifumuka aliyeifuma yupo palepale kuitengeneza. Mama anayejiandaa kujifungua, shangazi anayetafuta zawadi ya mtoto, na familia inayokwenda kubatiza ndio wateja wake.

Kupatana bei ni desturi ya soko, na mfumaji hujipanga kwa hilo mapema. Seti yenye bei ya mwisho ya 33,000 inaweza kutajwa 37,000, ili mteja apunguziwe naye aondoke ameridhika. Bei ya mwisho haivukwi. Mteja mwenye pesa kidogo hapunguziwi ujira, hupunguziwa kazi. Huonyeshwa kofia na soksi bila sweta, au kikoti kisicho na mikono, au sweta ya uzi mnene na sindano nene ambayo huisha kwa saa chache zaidi. Kila kimoja kina hesabu yake, na hakuna anayepata hasara.

Wachimbaji wa dhahabu hununua bila kuuliza sana siku mavuno ya machimbo yanapokuwa mazuri, na kishawishi cha kuwapandishia bei ni kikubwa. Bei ya haki ni moja kwa wote. Mchimbaji aliyeuziwa 60,000 nguo ambayo jirani yake alinunua 35,000 atasikia kabla ya jua kuzama, na neno hilo litamfikia kila mtu mgodini.

Wakati nao huamua mauzo. Baridi ya usiku ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huuza sweta na shali. Masomo yanapofunguliwa Septemba, sweta za wanafunzi hutakiwa zote kwa wiki moja. Desemba huja Noeli. Mfumaji hufuma miezi miwili au mitatu kabla, na mwenye pesa hununua uzi wakati barabara bado ni kavu. Kupunguza bei ya nguo zilizobaki baada ya msimu si vibaya, mradi upunguzaji utoke kwenye faida.

Maagizo na malipo ya kwanza

Nguo ya kuagizwa ni salama kuliko ya kusubiri mnunuzi, ila ina hatari yake: mteja anaweza asirudi, na sweta ya kipimo chake haimtoshi mwingine. Kwa hiyo mteja hutoa avansi kabla ya kitanzi cha kwanza, na avansi hiyo haipungui gharama ya uzi, nauli na vifungo. Katika mfano wa juu ni franka 13,000. Kipimo, rangi, bei, avansi na tarehe ya kuchukua huandikwa kwenye karatasi mbili, na kila upande hubaki na yake.

Wapo wateja wanaoleta uzi wao. Hao hutozwa kazi ya mkono, gharama za pamoja na faida ndogo. Uzi na nauli havihesabiwi. Uzi wao hupimwa mbele yao, na unaobaki hurudishwa.

Anayetaka kuchukua nguo kwa deni huelezwa kwamba uzi ulilipwa taslimu. Akiaminiwa, hutoa avansi ileile ya gharama, na kilichobaki hupewa siku ya mwisho inayojulikana.

Kuuza kwa jumla na kuachia duka

Mfanyabiashara anayechukua seti 20 kwenda kuziuza Baraka huomba bei ya chini, na ombi lake lina haki. Anamwondolea mfumaji siku za kukaa sokoni, ushuru na hatari ya kutonunuliwa. Kinachopunguzwa ni hicho tu: ushuru na sehemu ya faida. Uzi na ujira havipunguzwi, kwa sababu seti ya ishirini hufumwa kwa saa zilezile za seti ya kwanza.

Nguo inapoachwa dukani ili ilipwe ikiuzwa, mambo matatu huandikwa mapema: sehemu ya mwenye duka kwa kila franka 100, siku ya kuhesabu mali, na anayebeba hasara nguo ikichafuka au ikiliwa na panya. Sehemu ya duka huongezwa juu ya bei ya sakafu. Mfumaji anayeuza pia nyumbani hauzi huko chini ya bei ya duka, la sivyo mwenye duka hatakubali mali yake tena.

Malipo ndani ya kikundi

Kikundi kinachofuma kwa pamoja hulipa kwa kipande, si kwa siku, kwa kuwa kila mwanachama ana mwendo wake na majukumu yake nyumbani. Kenana Knitters wa Njoro, Kenya, walioanza mwaka 1998, wameonyesha kwamba wanawake wa kijijini wanaolipwa kwa kipande wanaweza kufumia hata masoko ya ng’ambo.

Ili malipo ya kipande yawe ya haki, wafumaji watatu, mwepesi, wa kati na mzito, hufuma nguo ileile na kupimiwa muda. Wastani wao ndio huzidishwa kwa ujira wa saa. Kikundi kikimpima mwepesi peke yake, wengine watalipwa chini ya haki yao. Kikimpima mzito, bei itamkimbiza mnunuzi. Ukaguzi wa ubora hufanywa kabla ya kulipa, kwa vigezo ambavyo wote wamevikubali, na nguo yenye kasoro hurudishwa itengenezwe.

Pesa ya kikundi ya kununulia uzi huwekwa mbali na likelemba. Likelemba humpa mwanachama zamu yake ya pesa kwa mahitaji ya nyumbani. Mtaji wa uzi haugawanywi kwa zamu.

Franka na dola

Uzi unaotoka nje hufuata dola, hata mfumaji anapoununua kwa franka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Aliyebaki na bei ileile ya franka katika miaka hiyo aliendelea kushusha ujira wake kila mwezi bila kugusa namba. Kwa hiyo uzi huandikwa kwa bei ya bonge litakalonunuliwa kesho, hata kama lililo kapuni lilinunuliwa kwa bei nafuu. Dola ikishuka na uzi ukashuka nayo, bei ya nguo pia hushushwa, kwa kanuni ileile.

Bei ya mwisho huandikwa kwa franka na kuzungushwa kwenye 500 iliyo karibu ili chenji isisumbue. Anayepokea dola hukagua noti kwanza, maana noti iliyochanika, hata pembeni tu, hukataliwa anapopelekewa mwingine. Malipo kwa simu ni salama, ila kuzitoa pesa kuna makato, na wa kuyalipa hukubaliwa kabla ya kutuma.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mfumaji lina safu saba: tarehe, aina ya nguo, gramu za uzi, saa za kazi, jumla ya gharama, bei iliyouzwa na jina la mteja. Asiyesoma huweza kuandikiwa na mtoto wa shule, mradi atajiwe hesabu nguo ileile inapoisha.

Nguo tano au sita zikishaandikwa, wastani wa gramu na saa hujulikana, na haitakuwa lazima kupima upya kila sweta ya aina hiyo. Bei huangaliwa tena kila mwanzo wa msimu wa mvua na kila mwanzo wa kiangazi, na kabla ya hapo ikiwa bei ya bonge, nauli au ujira wa kibarua umebadilika. Ikibidi kupandishwa, wateja wenye maagizo hulipa bei waliyoandikiwa. Bei mpya huanza na agizo linalofuata.